Umelipa Wewe, Ufunguo Wanao Wao

Kiswahili kina bahati ya maneno mawili ambayo hayajawahi kugombana: kununua na kupanga. Aliyenunua nyumba hagongewi mlango mwisho wa mwezi. Aliyepanga anajua fika kwamba siku mwenye nyumba akiamua mwanawe ahamie humo, vyombo vitatoka nje. Maduka ya kidijitali yametumia neno la kwanza kwa maana ya pili kwa zaidi ya miaka 20, tena bila haya.

Septemba 2024 jimbo la California, Marekani, lilipata sheria inayoitwa AB 2426, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Inasema duka linalouza filamu, kitabu, wimbo au mchezo wa kompyuta lisiandike "nunua" kwenye kitufe ikiwa kinachotolewa ni leseni inayoweza kufutwa, mpaka limweleze mteja jambo hilo waziwazi. Ukiweza kukipakua kitu na kukitumia milele bila mtandao, sheria haikuhusu.

Sheria hiyo ina adabu kweli. Haimkatazi muuzaji kuja kuchukua kitu chake. Inamtaka apige hodi kwanza. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, halikungoja hata Januari: Oktoba 2024 lilishaweka sentensi moja kwenye kikapu cha malipo ikieleza kuwa unacholipia ni leseni. Wateja wakaisoma, au hawakuisoma, wakabonyeza. Ni ile ile "vigezo na masharti kuzingatiwa", ila safari hii imeandikwa kwa herufi zinazoonekana.

Mwaka huohuo kulikuwa na mfano wa kutosha wa kile kilichokuwa kikikosekana kwenye lebo. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft uliotoka 2014, ulizimiwa seva, yaani kompyuta za kampuni zinazouendesha kwa mtandao, tarehe 31 Machi 2024. Hata aliyekuwa akiucheza peke yake sebuleni hakuweza tena, kwa sababu mchezo ulikuwa hauwaki bila kuiuliza seva. Diski bado ipo kabatini. Inang'aa.

Hili si geni. Julai 2009 wenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, walifungua mashine zao wakakuta nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell hazimo. Amazon ilieleza kwamba aliyekiweka kitabu hicho dukani hakuwa na haki ya kukiuza, ikarudisha pesa. Kati ya vitabu vyote, kilichokatwa kimyakimya ni kile kinachohusu serikali inayofuta maandishi ya jana. Mwanafunzi mmoja alibaki na maelezo ya pembeni yanayoning'inia bila kitabu, akashtaki, na kesi ikaisha kwa suluhu ya dola 150,000. Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi na kukiri kwamba ulikuwa ujinga. Miaka kumi baadaye, 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vitabu vyenyewe vikaacha kufunguka. Ilirudisha pesa yote, na waliokuwa wameandika maelezo yao ndani wakaongezewa dola 25. Mpaka leo sijaona bei nyingine rasmi ya mawazo ya msomaji.

Lakini tukibaki kwenye vitabu na michezo tutadhani ni ugonjwa wa vitu visivyoshikika. Tuje kwenye printa.

Katriji ya wino ina kibamba kidogo chenye vipande vya rangi ya dhahabu. Nyuma yake kuna chipu iliyobeba namba ya utambulisho, rangi, na hesabu ya wino. Zingatia neno hesabu. Printa nyingi za bei nafuu hazipimi wino uliobaki. Zinahesabu matone yaliyorushwa, pamoja na yale yanayomwagwa kila mashine inaposafisha kichwa chake, yaani sehemu inayorusha wino. Hesabu ikifika sifuri, printa inatangaza msiba hata kama ukiipasua katriji utakuta wino bado umo. Ndiyo maana katriji iliyojazwa upya kwa bomba la sindano hukataliwa: wino umejaa, lakini chipu imeshaandikwa marehemu.

Kuna hesabu ya pili ambayo wengi hawaijui mpaka siku mashine inapogoma kabisa. Wino wa kusafishia kichwa unaishia kwenye sponji iliyo chini ya printa. Programu inakadiria sponji imenywa kiasi gani, na kadirio likifika kikomo, mashine inakataa kuchapa na kuonyesha ujumbe kwamba sehemu zake zimefika mwisho wa maisha. Hakuna kilichovunjika. Fundi anatoa sponji, anaibadilisha au anaiosha na kuikausha vizuri, kisha anarudisha kihesabio kwenye sifuri kwa programu maalumu. Utaratibu ni huo, sponji kwanza. Wapo wanaorudisha kihesabio tu kwa sababu ni kazi ya dakika mbili, printa inachapa, mteja anashukuru, na miezi michache baadaye wino unatiririka mezani na kuingia kwenye bodi ya umeme. Hapo aliyeweka kikomo anapata la kusema: si tuliwaambia?

Na ni kweli, alikuwa na sababu. Swali ni kwa nini kurudisha kihesabio kunahitaji programu ambayo mwenye mashine hapewi.

Tarehe 13 Septemba 2016 ndiyo iliyowafumbua macho watu wengi kuhusu masasisho. Siku hiyo printa nyingi za HP, katika nchi tofauti, zilianza kuzikataa katriji zisizo za HP ambazo zilikuwa zikifanya kazi jana yake. Hakuna aliyezigusa. Sasisho lenye tarehe ndani yake lilikuwa limeshaingia miezi kadhaa nyuma, likakaa kimya kama yai likingoja siku ya kuanguliwa. Kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyowasiliana, ikatoa njia ya kuondoa kizuizi hicho, na utaratibu wenyewe ukaendelea kwenye mashine nyingine.

Ukinunua printa leo, kazi ya kwanza ni kuzima masasisho ya kujiendesha kwenye menyu kabla ya kuiunganisha na Wi-Fi. Baada ya Wi-Fi umechelewa, kwa sababu nyingi hutafuta sasisho katika dakika za kwanza za usanidi. Usikubali mpango wa usajili unaotoa miezi ya wino wa bure mpaka usome mstari mmoja tu: je, mashine itaendelea kupokea wino mwingine ukijitoa? Kwenye baadhi ya mipango, ukiacha kulipa, hata katriji iliyo nusu iliyomo ndani ya mashine yako inakataa kufanya kazi. Lakini kuzima masasisho kuna gharama yake, na wanaoshauri bila kuitaja hawakutendei haki. Printa isiyosasishwa iliyo kwenye mtandao ni dirisha bovu la nyumba. Ukizima masasisho, itumie kwa waya wa USB na uiondoe kwenye Wi-Fi.

Watengenezaji wa printa walijaribu mapema kuifanya chipu kuwa suala la mahakama. Lexmark iliishtaki kampuni ya Static Control kwa kutengeneza chipu zinazoiga zake, ikidai sheria ya hakimiliki imevunjwa. Programu iliyokuwa ikigombaniwa, ile ndogo kati ya mbili, ilikuwa na baiti 37. Jina lako kamili likiwa refu kidogo linaipita. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikamkatalia Lexmark. Lexmark ikarudi kwa mlango wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, dhidi ya wajazaji wa katriji, na mwaka 2017, katika kesi ya Impression Products, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jambo ambalo mchuuzi yeyote angeweza kulisema bila wakili: ukishauza, umeshauza, haki yako ya hataza juu ya kitu hicho imeisha.

Basi yamekwisha? Hayajaisha, maana kuna kifungu kinachoitwa 1201.

Kifungu hicho kimo katika sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA. Kilitungwa kuwazuia watu kuvunja ulinzi wa diski za filamu na muziki. Kinakataza kuikwepa kufuli ya kiteknolojia inayolinda kazi yenye hakimiliki, na programu ya kompyuta ni kazi yenye hakimiliki. Weka programu ndani ya trekta, trekta inakuwa kama diski ya filamu. Weka kwenye birika, birika nalo vilevile. Anayevunja kwa makusudi ya biashara anaweza kufungwa hadi miaka 5 na kutozwa faini hadi dola 500,000 kwa kosa la kwanza. Ulaya ina mwenzake katika maelekezo ya mwaka 2001, na nchi nyingi zimeandika vifungu vya aina hiyo kutokana na mkataba wa 1996 wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani. Kwa hiyo usicheke ukidhani ni ya Wamarekani.

Utamu uko kwenye misamaha. Kila baada ya miaka mitatu, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inasikiliza maombi ya watu wanaotaka kuruhusiwa kufungua vitu vyao wenyewe. Msamaha ukitolewa unaishi miaka mitatu, kisha unaombwa tena. Oktoba 2024 walioshinda ni pamoja na wenye mashine za kibiashara za kutengeneza chakula madukani, na kila mtu alijua zinazozungumzwa ni mashine za aiskrimu, maarufu kwa kuonyesha misimbo ya kosa ambayo fundi wa kampuni peke yake ndiye anayejua kuisoma. Kwa hiyo sasa mwenye mashine anaruhusiwa kuvunja kufuli ili aitengeneze. Lakini msamaha haugusi marufuku nyingine iliyomo katika kifungu hichohicho, ya kutengeneza na kusambaza zana za kuvunjia. Ruhusa ya kuvunja unayo. Nyundo hakuna anayeruhusiwa kukuuzia. Mwenye duka la aiskrimu ajifunze mwenyewe kusoma programu za mashine, usiku baada ya kufunga.

Kwenye simu mambo yamekwenda mbali zaidi, maana kufuli imehama kutoka kwenye programu hadi kwenye spea moja moja. Kioo, betri na kamera vinafungishwa ndoa na bodi kuu. Kila kimoja kina chipu ndogo ya kumbukumbu yenye namba yake, na bodi inazikumbuka namba za siku ya kutoka kiwandani. Ukitoa kioo kutoka kwenye simu moja ya iPhone na kukiweka kwenye nyingine ya toleo lilelile, vyote halisi, vyote vipya, simu inaweza kukuambia haiwezi kuthibitisha kuwa kioo ni halisi, na rekebisho la rangi kulingana na mwanga wa chumba likapotea. Mwaka 2021, kwenye iPhone 13, hali ilifika mahali ambapo kubadilisha kioo kuliua utambuzi wa uso. Kelele zikapigwa, na Apple ikalirekebisha kwa sasisho la programu. Yaani tangu mwanzo halikuwa suala la waya.

Mafundi wamejibu kwa namna yao. Kwa kioo, wanasoma data ya kile cha zamani kwa kifaa maalumu na kuiandika kwenye kipya. Hiyo hurudisha rangi. Kuondoa ule ujumbe ni kazi nyingine: chipu yenyewe inang'olewa kwenye kioo cha zamani kwa hewa ya moto na kulehemiwa kwenye kipya, chini ya hadubini. Joto likizidi kidogo, umepoteza vioo viwili kwa mkupuo. Kwa betri, kibao chake kidogo cha saketi ya ulinzi kinakatwa kwenye seli ya zamani na kuchomelewa kwenye seli mpya. Kabla ya kuigusa seli, chaji ishushwe chini ya asilimia 25, maana seli ya lithiamu iliyojaa ikitobolewa inawaka kwa hasira zote. Kwenye betri za kompyuta mpakato kuna mtego wa ziada: kwa nyingi, ukitoa seli za zamani kabla ya kuunganisha mpya, chipu ya kuhesabu chaji inaona volti zimeanguka, inaandika kosa la kudumu na kujifunga. Fundi mwenye uzoefu huunganisha chanzo cha umeme cha nje chenye volti ileile kwanza, ndipo akate. Ujuzi mkubwa hivyo, na wote ni wa kuidanganya simu kwamba mke wa zamani bado yuko nyumbani.

Mwaka 2022 Apple ilifungua mpango wa mtu kujitengenezea simu mwenyewe huko Marekani. Ukikodi vifaa kwa wiki moja kwa dola 49, vilikuja katika masanduku mawili yenye uzito wa takriban kilo 36, na dola 1,200 zikashikiliwa kwenye kadi yako mpaka uyarudishe. Yote ya kubadilishia betri inayoenea kiganjani. Ukimaliza, ilibidi uwasiliane nao ili simu iikubali spea. Aliyesema kampuni hizi hazina ucheshi hajabeba masanduku hayo ngazini.

Jimbo la Oregon ndilo lililoshika penyewe. Sheria yake ya 2024 inakataza kutumia ndoa za spea kuzuia au kupunguza utendaji wa kifaa, au kumtisha mteja kwa ujumbe wa kupotosha, kwa simu zilizoanza kuuzwa baada ya 1 Januari 2025. Sheria nyingi za haki ya kutengeneza huagiza spea na vitabu vya maelekezo vipatikane. Vizuri, lakini spea unayoweza kuinunua na bodi isiitambue ni pambo.

Utetezi wa kufuli unaostahili kusikilizwa ni mmoja: wizi. Simu inayofungika kwa akaunti ya mwenyewe imepunguza faida ya kuinyofoa mfukoni mwa mtu, na kuzifunga hata spea kumewabana wanaouza simu za wizi vipandevipande. Mwaka 2022 wanajeshi wa Urusi walipobeba mitambo ya kilimo ya John Deere kutoka Melitopol, Ukraine, yenye thamani ya karibu dola milioni 5, na kusafirisha baadhi yake hadi Chechnya, ilikutwa imefungwa kwa mbali, haiwaki. Dunia ilishangilia. Na ilistahili. Ila wakulima wa Marekani walisoma habari ileile kwa jicho tofauti, maana ni kampuni hiyohiyo ambayo miaka michache nyuma iliiandikia Ofisi ya Hakimiliki kwamba anayenunua trekta anapata leseni ya kuliendesha kwa maisha ya chombo hicho. Mkono uliomfungia mwizi trekta Chechnya unafika hadi shambani kwa aliyelipa. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Deere kwa kuwabana wakulima kwenye matengenezo.

Kufuli ya wizi inaweza kutengenezwa bila hila hii. Mfumo uulize: je, spea hii imetoka kwenye simu iliyoripotiwa kuibwa? Kama haikuripotiwa, ipokelewe, yaishe. Apple yenyewe ilisogea upande huo mwaka 2024, ikiruhusu spea halisi zilizotumika kwenye simu za karibuni na kuzikataa zinazotoka kwenye simu zilizofungwa na wenyewe. Kumbe iliwezekana.

Kuna mahali pamoja ambapo ninaiheshimu kufuli, nako ni kwenye simu ya mkopo. Unaichukua kwa malipo ya kila siku au kila wiki, usipolipa inajifunga, na kila mtu alijua hivyo kabla ya kutia saini. Hakuna aliyekuambia umenunua. Tatizo lake liko mwishoni: deni limeisha, lakini seva haijaandika kuwa limeisha, na simu bado inaamka ikidai. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, maana usajili uko kwenye seva, haumo ndani ya simu. Ikiunganishwa tu na mtandao wakati wa usanidi, inauliza na kujifunga tena. Kwa hiyo ukimaliza kulipa, dai uthibitisho wa maandishi kwamba kifaa kimetolewa kwenye mfumo. Risiti ya malipo ya mwisho pekee haifungui kitu.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema ni makadirio, ni tahadhari, ni biashara kali lakini halali. Kesi ya treni za Poland ndiyo inayonifanya nisite kukubali.

Treni za Impuls hutengenezwa na kampuni ya Newag. Shirika la reli la Silesia ya Chini, Koleje Dolnośląskie, lilitangaza zabuni ya matengenezo makubwa, na iliyoshinda ikawa karakana huru iitwayo SPS. Mafundi wakafungua, wakabadilisha, wakafunga kulingana na maelekezo. Mwaka 2022 treni ziliporudi kwenye reli, kompyuta ilisema kila kitu kiko sawa, breki zikaachia, na treni isiende. Moja baada ya nyingine. SPS ikawaita wadukuzi wa kundi la Dragon Sector, wakaichambua programu ya treni kwa miezi, na Desemba 2023 wakaeleza walichokikuta mbele ya mkutano wa wadukuzi huko Hamburg, Ujerumani.

Kwa maelezo yao, treni ilikuwa na sharti la kujifunga ikikaa siku 10 bila safari ya kweli, muda ambao kwa kawaida treni hukaa hivyo ikiwa karakana. Nyingine zilikuwa na viwianishi vya GPS vilivyochora mipaka ya karakana za washindani: ukiwa ndani ya mstatili huu kwa muda kadhaa, funga. Kulikuwa pia na mfuatano wa vitufe katika chumba cha dereva uliozifungua, usioandikwa kwenye kitabu chochote, na wanasema habari za treni kuamshwa zilipotoka magazetini, sasisho likauondoa.

Lakini ninalolipenda ni la kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Treni moja ilikuwa na sharti la kuripoti kompresa mbovu: siku iwe 21 au zaidi, na mwezi uwe 11 au zaidi, na mwaka uwe 2021 au zaidi. Aliyeandika bila shaka alitaka kusema "kuanzia tarehe 21 Novemba 2021 na kuendelea". Alichoandika kinamaanisha kompresa iugue kuanzia tarehe 21 hadi 30 Novemba, ipone tarehe 1 Desemba, iugue tena tarehe 21 mpaka 31, kisha ipone Januari mpaka Novemba inayofuata. Kila mwaka, kama mafua ya msimu. Fundi aliyesimama mbele ya kompresa hiyo tarehe 25 angeibadilisha na isipone, akabaki na aibu. Aliyefika tarehe 2 angeapa haijawahi kuwa na tatizo. Kosa la kimantiki la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndani ya chombo kinachobeba mamia ya watu.

Newag imekana. Inasema haikuweka vizuizi hivyo, na imewapeleka mahakamani SPS na wadukuzi hao. Dai mojawapo, utalikisia: hakimiliki ya programu.

Na kufuli si lazima iwe na nia mbaya ili iumize. Kampuni ya Marekani ya Second Sight ilitengeneza Argus II, kifaa chenye elektrodi 60 kinachopandikizwa kwenye retina, kikipokea picha kutoka kamera iliyo kwenye miwani kupitia kisanduku cha kuvaa kiunoni. Watu zaidi ya 350 duniani walipandikizwa vifaa vyake. Mwaka 2019 ikaacha kukitengeneza, 2020 ikakaribia kufilisika, na waliokuwa wakiona vivuli na miale kwa msaada wake wakabaki na mashine isiyo na spea wala fundi. Kisanduku cha kiunoni kikifa, mwanga unazimika, na kilichomo ndani ya jicho kinabaki palepale. Hapo hakuna aliyefunga mlango. Waliondoka tu na ufunguo.

Ulaya imeanza kuweka namba badala ya nasaha, na namba zinasaidia. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na spea kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5, na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800 ya chaji. Kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji, ingawa misamaha ipo na mawakili wameshaisoma kuliko mafundi. Kuhusu kuuza tena vitu vya kidijitali, mahakama ya Umoja huo ilisema mwaka 2012 kwamba leseni ya kudumu ya programu inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, kisha mwaka 2019 ikasema kitabu cha kielektroniki hakiwezi. Ukiweza kumweleza mtoto tofauti hiyo bila kukunja uso, mahakama inakuhitaji.

Kwa anayekwenda kulipia kifaa wiki hii: simu iliyotumika, usilipe mpaka muuzaji aifute mbele yako, na uanze usanidi wewe mwenyewe huku Wi-Fi ikiwa imewashwa. Kufuli ya akaunti au ya mkopo hujitokeza hapo, ndani ya dakika tano. Muuzaji akisisitiza uruke hatua ya mtandao, mrudishie simu yake. Kifaa cha nyumbani kinachotaka programu ya simu, iwe taa, kamera au kufuli ya mlango, kiwashe na ukisanidi, kisha chomoa ruta kutoka kwenye umeme. Bonyeza kila kitufe. Kinachoendelea kufanya kazi ndicho ulichonunua. Kinachokufa kinaishi kwenye seva ya mtu. Acha ruta ikiwa imezimwa usiku mzima, maana vingine huvumilia saa chache kwa kibali cha zamani kabla ya kugoma. Fanya jaribio hilo siku za kurudisha bidhaa zikiwa bado hazijaisha, na boksi usilichane.